Maziwa ya watu wa tanuru yalivyotupatia meza sisi manesi wa wagonjwa wa akili, Lubumbashi enzi za Zaïre

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, naenda kulala. Leo mjukuu wangu kanichokoza, ndiyo maana mnaona bandiko refu hivi kutoka kwa mzee.

Binti kaajiriwa hospitali moja hapa Lubumbashi, mshauri wa saikolojia. Jana karudi nyumbani uso umeshuka. Wenzake wa idara nyingine wanamuita daktari wa machizi, na akiingia kantini wanasogeza viti. Akaniuliza, babu, wewe enzi zako ulivumiliaje?

Nikacheka mpaka nikakohoa. Jibu langu lilikuwa neno moja: maziwa.

Akaniona nami wazimu umeshanipata. Basi nikamsimulia, na sasa nawasimulia nyie. Haya yalinikuta mwenyewe, sikuyasikia kwa mtu. Chumvi sijatia, sukari mtaikuta kwenye chai. Majina ya watu nimeyabadilisha, na la hospitali na kampuni yake nimelimeza, msiniulize PM.

Kuhusu Kiswahili changu: nimezaliwa huku Katanga, wazazi wangu ni watu wa Maniema, halafu nimekaa Kigoma miaka mingi nikiuza vitambaa, ndipo nikarudi. Kwa hiyo nachanganya. Atakayenisahihisha ngeli nitamnyima chai.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja, nchi inaitwa Zaïre, shaba ndiyo baba na mama wa mji. Wanaume tunavaa abacost, lile koti la kufungwa mpaka shingoni, tai ni marufuku, kila mtu anaitwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi. Asubuhi kabla ya kazi mnasimama mbele ya bendera, mnaimba, mnacheza kidogo kusifu chama, ndipo mnaenda kuhudumia wagonjwa. Mimi nilikuwa nacheza vibaya sana, ila nilikuwa na sauti.

Nilikuwa nesi kwenye hospitali ya kampuni moja ya shaba. Hospitali nzuri, bustani imefyekwa, vitanda vya chuma. Na nyuma kabisa, ukipita jengo la dobi, kulikuwa na jengo letu, la wagonjwa wa akili.

Hilo jengo lilikuwa na jina lake rasmi la Kifaransa lakini hakuna aliyelitumia. Watu walisema "Kule". Fulani anafanya wapi? Anafanya Kule. Na wakisema Kule wanashusha sauti, kana kwamba jengo linasikia.

Manesi wa Kule mchana tulikuwa wawili. Mimi, Ramazani, upande wa wanaume. Upande wa wanawake citoyenne Ngalula, mtoto wa Kasai, wazazi wake walikuja Katanga kwa kazi ya reli.

Huyu dada acheni tu. Alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka maabara. Mgonjwa kavua nguo zote yuko uani, sisi wanaume tunahangaika na shuka, Ngalula anamfuata anamsifia nywele, wanapiga stori za kusuka, na yule mama anavaa mwenyewe bila kulazimishwa. Mimi mpaka leo sijui alikuwa anafanyaje.

Alinitania kila siku. Eti sisi Waislamu wa Maniema tumekuja Lubumbashi kuuza kanzu tukasahau kurudi. Mimi namwambia nyie Wakasai mkisoma darasa moja mnataka kuitwa profesa. Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Sasa shida.

Hospitali nzima iliamini wazimu unaambukiza. Na msifikiri ni wafagiaji tu. Mpaka waliovaa makoti meupe. Kwamba ukikaa sana na mwenye wazimu, ukanywa kikombe kimoja naye, ukapeana mkono, unaanza polepole: kwanza unaongea peke yako, halafu unacheka ovyo, halafu basi.

Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaangaliwa kama watu ambao tayari tumeshaanza.

Mchana jikoni walikuwa wanapika bukari. Kwa ndugu zangu wa Tanzania, ni ugali. Huku kwetu bukari ya kazini inaliwa sinia moja, mikono yote humo, na sombe, yaani kisamvu, na ndakala, dagaa wa huku, pembeni. Mnanawa kwenye beseni moja, mnakula, mnasengenya, mnarudi kazini. Usipokula kwenye sinia la wenzako, wewe si mwenzao. Hakuna haja ya kutangaziwa.

Sisi wawili bukari yetu ilikuwa inaletwa kwenye bakuli, inawekwa kwenye kimeza nyuma ya dobi, karibu na kamba za kuanikia. Vikombe vyetu vilipakwa rangi nyekundu kwenye mkono, visije vikachanganyika. Aliyevipaka ni mkuu wa jiko, Mama Kabwe, mwanamke mnene, mkali, mpishi hodari. Alivipaka vizuri kabisa, kwa brashi, kama anapamba.

Tukipanda gari la wafanyakazi jioni, kiti cha pembeni yetu kinabaki wazi watu wamesimama. Mimi nikawa nakigeuza faida, naweka mfuko wangu, nanyoosha miguu mpaka Bel-Air nilikokuwa naishi na mama yangu.

Mimi bwana nina ngozi ngumu. Nilikuwa nawafanyia makusudi. Mtu akinikwepa kwenye korido, namkodolea macho kisha nalamba midomo. Anapotea mbio. Nacheka siku nzima.

Ngalula naye alikuwa anacheka. Nilidhani ni sawasawa na mimi.

Ukaingia Ramadhani.

Mnajua nini kinafuata? Mimi nafunga. Saa ya chakula nabaki wodini nimejilaza kwenye benchi. Haikunijia hata kidogo kwamba kwenye kile kimeza nyuma ya dobi, katikati ya mashuka yanayochuruzika maji, Ngalula alikuwa anakula peke yake. Mwezi mzima.

Ikaja Idi, tukala pilau, nikarudi kazini nimenona kwa usiku mmoja. Mchana nakwenda mezani, nakuta kakaa, bakuli liko mbele yake limefunikwa. Hakulifunua. Namtania kuhusu Wakasai, ananiangalia tu. Ndipo nikamtazama vizuri. Sare inaning'inia. Macho yamezama. Kile kicheko sijui nilikisikia lini mara ya mwisho.

Na jikoni wakawa wananong'ona: mnaona sasa? Imemshika.

Wakuu, hapo ndipo niliposikia hasira ya kweli. Wamemweka mtu peke yake mpaka chakula kinamshinda, halafu anavyokonda wanasema ndiyo ushahidi.

Nikamuuliza kulikoni. Akawa anazungusha kile kikombe chekundu. Kisha akasema: "Ramazani, haiko bagonjwa banichokeshaka. Ni bale bazima."

Akaniambia anafikiria kuomba uhamisho Mitwaba. Huko kaskazini kulikuwa na zahanati ndogo, unapima malaria, unafunga vidonda, watu wanakusalimia kwa mkono. Hataki tena wagonjwa wa akili. Na alisema hivyo huku anaangalia dirisha la wodi yake, mle ndani wanawake wanaimba wimbo aliowafundisha.

Nikaona huyu akiondoka si wodi tu itakayokufa. Atakwenda kufunga vidonda maisha yake yote akiwa na ile kazi moyoni.

Alisema anajipa muda kidogo, mpaka ipite ziara ya wakubwa wa kampuni iliyokuwa inakuja, hataki kuacha wodi chafu.

Sasa mkae vizuri.

Kwenye wodi yangu kulikuwa na mgonjwa, Papa Mutombo. Alifanya kazi miaka mingi kwenye matanuru ya kuyeyusha shaba. Mzee mpole, ila kichwa kilibaki kiwandani. Na kule kiwandani kulikuwa na desturi: watu wa tanuru, na wote wanaovuta moshi na sumu, kila siku wanapewa maziwa. Iliaminika maziwa yanasafisha kifua. Kazi yako ikiwa ya hatari, unapata maziwa. Isipokuwa ya hatari, kunywa maji.

Hata hospitalini kwetu watu wa picha za mionzi walipewa. Na yule anayechoma taka.

Basi Papa Mutombo kila asubuhi anajipanga mlangoni, kofia kifuani, mstari wa mtu mmoja, anauliza kwa adabu: "Na maziwa yangu iko wapi?" Namwambia yako njiani. Anashukuru, anarudi kukaa. Kesho tena.

Siku moja Ngalula alikuwa amekuja upande wangu kuazima bandeji, akakuta Papa Mutombo yuko kwenye mstari wake. Akasimama anamwangalia. Halafu akasema polepole, kama anajisemea, kwamba huyu baba ndiye peke yake hapa mwenye akili. Wanasema wazimu unaambukiza. Kama unaambukiza, kazi yetu ni ya hatari kuliko tanuru. Maziwa yetu yako wapi?

Na akacheka. Kidogo tu, puani, lakini akacheka.

Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia Ngalula, hiyo sio utani, hiyo ni kesi. Wakisema unaambukiza, watupe maziwa. Wakisema hauambukizi, watupe sinia. Mojawapo lazima walitoe.

Akaniambia nisithubutu.

Mimi huyo? Mtu akiniambia nisithubutu ndiyo kanitia petroli.

Ziara ikafika. Akaja mkuu wa usalama kazini kutoka kiwandani, citoyen Ilunga, mtu mkavu, mrefu, hajui kutabasamu. Alizoea mambo ya kofia ngumu na viatu vya chuma. Asubuhi tumesimama mbele ya bendera, tumeimba, nimecheza vibaya kama kawaida, abacost imenibana kwapani. Directeur wetu, yaani mkurugenzi wa hospitali, akatoa hotuba ndefu kwamba kila kitu ni salama.

Citoyen Ilunga akauliza kama kuna anayefanya kazi ya hatari asiyepata haki yake.

Swali kama hilo enzi zile linaulizwa, halijibiwi. Watu wanaangalia viatu vyao. Ukiinua mkono umejitafutia balaa.

Nikainua mkono.

Nilimsikia Ngalula nyuma yangu akivuta pumzi. Nikaeleza kwa heshima zote, kwa Kifaransa changu cha shule ya misheni nilikosoma japo Mwislamu, kwamba sisi wa Kule tunafanya kazi na ugonjwa wa kuambukiza. Kwamba wenzetu wanajua hivyo, ndiyo maana vikombe vyetu vina alama na meza yetu iko mbali. Na kwamba hatulaumu mtu, tunaomba maziwa tu kama wenzetu wa tanuru.

Watu wakaangua kicheko. Daktari mmoja alikohoa mpaka akatoka kwenye mstari.

Citoyen Ilunga hakucheka. Aliandama ile hoja kama fundi anayesikia mashine inalia. Akamgeukia Directeur: "Citoyen Directeur, ile ugonjwa inaambukiza ao haiambukize?"

Yesu na Maria, kama anavyosema Ngalula. Directeur akatoa leso. Nikaona kabisa anavyopiga hesabu kichwani. Akisema hauambukizi, mgeni atauliza, sasa kwa nini umewatenga hawa? Akisema unaambukiza, anajiaibisha mbele ya madaktari wake.

Mimi nilikuwa na uhakika atasema hauambukizi. Nilishaanza kutabasamu.

Akasema kuna hatari kidogo. Kidogo tu. Na kwamba yeye ni mtu wa kujali wafanyakazi, kwa hiyo kuanzia wiki ile wauguzi wa Kule watapewa maziwa.

Makofi.

Wakuu, nimepata nilichoomba na nimepoteza kesi kwa pigo moja. Sasa imekuwa rasmi. Tunaambukiza.

Nilimkuta Ngalula kwenye kimeza chetu, amekunja mikono. Hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Aliniambia zamani ilikuwa ni maneno ya jikoni, mtu anaweza kuyapuuza. Sasa Directeur mwenyewe amesema mbele ya bendera, na watu wamepiga makofi. Zamu hii na mimi nikaangalia viatu vyangu. Kwangu mimi hilo ni jambo la nadra sana, muulizeni mke wangu.

Siku chache baadaye maziwa yakaletwa. Maziwa ya unga, makopo makubwa, mengi. Citoyen Ilunga alikuwa mtu wa neno lake, na alituwekea kipimo kilekile cha watu wa tanuru, wanaokunywa kama ng'ombe. Sisi wawili tungekoga.

Sasa mjue hali ya mji wakati ule. Maziwa dukani hakuna. Sukari unaipata kwa kujuana. Mama mwenye mtoto mchanga akisikia kuna kopo kwenye mitaa yetu ya Kenya au Kamalondo anavuka mji mzima.

Nikamwambia Ngalula, wewe endelea kunikasirikia, mimi nachemsha chai.

Hapo niseme kidogo. Kwetu chai si maji ya moto. Bibi yangu alipata mume wa pwani, na chai ya kwetu ikabaki ya hivyo: maziwa mengi, tangawizi iliyopondwa, iliki, inachemka mpaka inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Mama aliponifungia iliki kwenye kitambaa hakuniuliza ni ya nini. Alijua mwanawe ana mambo.

Kikombe cha kwanza nikampelekea Papa Mutombo. Alisimama mlangoni, kofia kifuani, anauliza maziwa yake, nikamkabidhi. Alikinywa chote amesimama. Akarudisha kikombe, akasema sasa anaweza kwenda zamu, akaenda kukaa kwenye kitanda chake ametulia siku nzima.

Ngalula aliona hilo. Akaja akakaa mezani, akanywa. Hakusema asante, lakini aliongeza.

Halafu ile harufu ikaanza kutembea.

Ilipita kwenye mashuka, ikaingia dobi. Mama wa dobi akatoa kichwa, akarudisha. Akatoa tena. Akauliza kwa mbali tunapika nini. Nikamwambia tunakunywa dawa ya wazimu. Akafikiri. Kisha akasema hata yeye siku hizi anasahau sahau.

Basi akaja na bilauri yake mfukoni. Na hapa ndipo Ngalula aliponishangaza. Aliinuka, akashika birika, akamwambia kwa upole kabisa kwamba chai ipo, karibu, ila hapa tunanywea vikombe vya hapa. Vile vyekundu.

Yule mama akaangalia kikombe. Akaangalia birika. Mvuke unampiga usoni. Nilimwona akipigana na nafsi yake, na nafsi ikashindwa. Alikunywa amefumba macho, kama mtoto anayepewa kwinini. Akafumbua. Akajipapasa kichwa, bado kipo. Akaomba kingine.

Kesho yake alikuja na mwenzake. Kesho kutwa akaja fundi wa mionzi, na kopo lake la maziwa kwapani, eti yeye anayo ila hajui kuyapika. Wakaja wa maabara. Kila mmoja wao anafikishwa mbele ya kikombe chekundu na Ngalula, anameza mate, anameza hofu, anameza chai. Vikombe vilikuwa vinne, vinazunguka, tunasuuza tunampa mwingine. Yule aliyenikimbia kwenye korido nikamwona analamba midomo yeye.

Kicheko cha Ngalula kilirudi siku alipokuja Mama Kabwe.

Alikuja na mwiko mkononi, kutisha watu. Akasema kuna taarifa kwamba watu hawamalizi bukari yake kwa sababu ya maji maji ya huku, na yeye kama mkuu wa jiko lazima akague. Ngalula akamkaribisha kiti, akamiminia, akamsogezea kikombe upande wa rangi. Mama Kabwe akaitambua brashi yake. Akakigeuza huku na huku.

Akanywa. Akasema tangawizi ni nyingi mno. Akanyoosha kikombe kiongezwe.

Ngalula akacheka. Wee! Kile cha kufika maabara. Akacheka mpaka akashika meza, Mama Kabwe naye tumbo likaanza kutikisika, na mimi nikainuka nikajifanya naangalia mkaa kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Sina aibu kusema.

Hata Directeur alianza kutuma mhudumu wa ofisi na termosi. Imefungwa ndani ya gazeti. Sisi tunajaza, hatuulizi.

Jambo moja zaidi. Watu walipozoea, wakaanza kumletea Ngalula matatizo yao. Huyu hapati usingizi, yule mwanawe hasemi, mwingine mume kabadilika. Wote wanamnong'oneza yeye, kwenye saa yake moja ya kupumzika. Nikaona bega lake linaanza kushuka tena. Lakini safari hii alijisemea mwenyewe. Aligonga birika kwa kijiko akatangaza: mwenye shida aje wodini, mlango uko wazi, atamsikiliza mpaka mwisho. Mezani ni umbea tu.

Ile sheria ilikuwa tamu. Mtu akianza kusema "Citoyenne Ngalula, usiku ninaota..." meza nzima inamzomea.

Na wakaenda wodini kweli. Wale wale. Kwa miguu yao.

Kitu kizuri hakikosi mwisho wake mbaya. Makopo yaliisha kabla ya wakati, yakaombwa mengine, kiwandani wakashangaa manesi wawili wanakunywaje kuliko tanuru zima. Asubuhi moja mbele ya bendera Directeur akatangaza. Amewasiliana na madaktari. Imethibitika kisayansi kwamba magonjwa ya akili hayaambukizi hata kidogo. Kwa hiyo maziwa ya Kule yamesitishwa kuanzia leo.

Yaani lile neno tulilokuwa tunalitafuta, ndiyo kalitoa sasa. Ili kuokoa maziwa!

Mimi nilitaka kucheka. Nikageuka kumwangalia Ngalula, nikakuta hachezi wala haimbi. Mikono imeganda.

Mchana nikachemsha chai kavu. Tangawizi ipo, iliki ipo, maziwa hakuna. Tukakaa wawili kwenye kimeza chetu, mashuka yanachuruzika. Dobi kimya. Njia ya maabara nyeupe, hakuna mtu. Vikombe vyekundu nimevipanga, hakuna wa kuvishika.

Ngalula akasema bila kuniangalia kwamba basi, walikuja kwa sababu ya maziwa. Kwamba leo asipokuja mtu, kesho anakwenda kuomba Mitwaba, na nisimbembeleze.

Sikumbembeleza. Nilikunywa chai ya moto nikaungua ulimi, nikanywa tena. Niliomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua.

Saa ya chakula ikawa inaenda. Ngalula akaanza kukusanya vikombe.

Tukasikia miguu mizito. Kona ya dobi akatokea Mama Kabwe, uso unamiminika jasho, kabeba sinia. Siyo bakuli letu. Sinia, lile kubwa la jikoni, bukari imekaa kama mlima, sombe, ndakala. Nyuma yake mama wa dobi kashika beseni la kunawia, fundi wa mionzi kabeba benchi kichwani, watu wa maabara wamebeba viti. Kumbe walikuwa wanahamisha jiko zima, ndiyo maana walichelewa.

Akalitua sinia katikati ya kimeza, likajaza kote, vikombe nusura vianguke. Akahema. Akamwona Ngalula kasimama na vikombe kifuani, macho yamemjaa.

"Unaangalia nini?" akasema. "Maziwa njo ilikwisha. Miye sikukwisha. Nawa mikono, bukari inapoa."

Ngalula akanawa. Beseni lilelile, baada ya mama wa dobi, kabla ya fundi wa mionzi. Akakata tonge, mkono wake humo na mikono yetu yote, akala. Akala mpaka Mama Kabwe akamwambia abakishie wengine.

Na kwenye kona akatokea mhudumu wa ofisi na termosi ndani ya gazeti. Tukamwambia leo ni chai kavu. Akasema Directeur amesema hata kavu.

Mitwaba hakuomba. Alibaki Kule mpaka alipostaafu, na wanawake waliopona walikuwa wanakuja kumtembelea na kuku. Siku nilipohamia Kigoma alinipa zawadi moja: kikombe chenye mkono mwekundu. Kiko kabatini, rangi imebanduka kidogo, chai nanywea hicho.

Nilichojifunza, wakuu. Mtu anayebeba vichwa vya wengine siku nzima hachoshwi na kazi peke yake. Anachoka anapofika saa ya chakula akakuta hana wa kunawa naye. Semina nzuri, likizo nzuri, lakini kwanza mpe nafasi kwenye sinia.

Na wewe uliyetengwa, usiombe huruma. Waombe maziwa. Wachanganyikiwe wao.

Mjukuu wangu leo asubuhi kaondoka na termosi yangu kwapani na iliki kwenye kitambaa. Nimemwambia vikombe apake rangi mwenyewe.

Haya, uwanja wenu. Manesi, washauri, walimu wa watoto wenye mahitaji, wahudumu wa mochwari, nyote mnaosogezewa viti: mchana mnakula na nani? Andikeni hapa chini, nasoma yote. Na wale watakaosema tangawizi ilikuwa nyingi, foleni inaanzia kwa Mama Kabwe.